Mvua inanyesha kwa wote, tangi linamfaa nani?

*Na Mwandishi Wetu, Moshi*

Mvua ya masika ikishuka Uru na Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, haibishi hodi. Mabati yananguruma, waliomo ndani wanapaza sauti ili wasikilizane, na chini ya kila ukingo wa paa maji yanajichimbia kifereji chekundu. Kifereji kinakimbilia migombani, kutoka migombani kinaingia barabarani, na barabara inayashusha maji hadi mto Karanga au mto Rau.

Mvua ya milimita 20, ambayo huku juu inaweza kunyesha jioni moja tu ya Aprili, inatosha kulifanya paa la nyumba ya kawaida limwage zaidi ya lita 1,200. Hayo ni madumu 60 ya lita 20. Familia ya watu watano inayojibana ingeyatumia kwa karibu wiki mbili.

Njoo Agosti. Ua uleule ni vumbi. Bomba la kijiji linatoa maji kwa zamu, mfongo, ule mfereji wa kijadi wa Wachagga, umebaki na tope, na madumu ya njano yamepangwa foleni tangu alfajiri. Watoto wanachelewa shule kwa sababu ya maji yaliyopita mlangoni kwao miezi minne iliyotangulia.

Ndipo linapoibuka swali linaloulizwa katika vikoba, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Moshi na hata kwenye vikao vya harusi pale bwana harusi anapojenga: je, kuvuna maji ya mvua nyumbani kuna thamani ya fedha na jasho linalodaiwa?

Kuna thamani, lakini si kwa kila mtu wala kwa kila kazi. Na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba wale ambao tangi lingewafaa kuliko wote ndio wasiokuwa nalo.

### Hesabu ya bati

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji.

Moshi mjini hupata wastani wa milimita 900 hivi kwa mwaka. Chukua nyumba ambayo paa lake limefunika mita 80 za mraba, ukipima chini ardhini na si kwenye mteremko wa bati. Kwa mwaka paa hilo linapokea lita 72,000. Ondoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayokauka juu ya bati na yanayovuja kwenye maungio. Zinabaki zaidi ya lita 57,000.

Watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiwango cha chini kabisa cha kunywa, kupika na kujisafisha, wanahitaji lita 36,500 kwa mwaka. Kwenye karatasi, paa limeshawatosheleza na kubakiza.

Tatizo ni kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli inakuja Oktoba au Novemba na kuondoka Desemba. Juni hadi Oktoba mtu anaishi kwa alichoweka akiba. Lita 100 kwa siku kwa siku 150 ni lita 15,000, yaani matangi matatu ya lita 5,000 yaliyojaa hadi juu siku ya mwisho ya masika. Ni nyumba chache zenye uwezo huo.

Sasa badilisha swali. Tuseme maji ya mvua yatumike kwa kunywa na kupikia tu, lita 30 kwa siku kwa familia nzima. Kwa siku zilezile 150 ni lita 4,500. Tangi moja linatosha, na kuna kidogo cha kumpa jirani.

> Tangi moja la lita 5,000 haliwezi kuendesha nyumba kiangazi kizima. Linaweza kuinywesha na kuipikia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu ananunua tangi, anaunganisha choo cha kuvuta, bafu, kufua na kumwagilia bustani ya mbogamboga. Kufikia katikati ya Julai koki inatoa hewa, naye anawaambia majirani kwamba uvunaji wa maji ya mvua ni kupoteza hela. Tangi ni ghala. Hakuna anayemlisha ng'ombe mahindi ya mbegu kisha akailaumu ghala.

### Mlima wa maji wenye watu wenye kiu

Anayeishi mbali na Kilimanjaro hushangaa kusikia watu wa mlimani wanalilia maji. Mlima huu ndio unaolisha sehemu kubwa ya Bonde la Pangani, kuanzia mashamba ya miwa ya TPC Arusha Chini, bwawa la Nyumba ya Mungu, hadi mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls.

Lakini mvua ya mlima haikugawanywa sawasawa. Upande wa kusini, kiasi kinaongezeka kadiri unavyopanda. Tambarare ya Kahe na Chekereni hupata kama milimita 500 kwa mwaka, Moshi mjini 900, vijiji vya kahawa na migomba 1,500 na zaidi, na msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, mvua hupita milimita 2,000. Ukizunguka upande wa mashariki hadi Rombo, mito mingi hukauka mvua zikikatika, na wananchi wa ukanda wa chini wamezoea kutazama ziwa Chala lililojaa ndani ya kreta huku mabomba yao yakiwa makavu.

Wengi tulikua tukiamini kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo. Watafiti wa mlima wameonyesha kwamba barafu ile inachangia kidogo sana. Kinacholisha chemchemi ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Ndiyo maana ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ya mwaka 2016 iliwashtua wengi: tangu 1976 Kilimanjaro imepoteza takribani hekta 13,000 za msitu, hasa kwa moto, na maji yaliyopotea kwa sababu hiyo yanalingana na maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka.

Mababu walikuwa na jibu lao: mifongo. Johannes Rebmann alipofika Uchaggani mwaka 1848 Wachagga walikuwa tayari ni mafundi wa mifereji inayochukua maji kwenye makorongo ya msituni na kuyatembeza kilomita kadhaa hadi vihambani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na zamu, na siku ya kuzibua kila nyumba ilitoa mtu. Aliyekosa alitozwa faini, mara nyingi kwa mbege au kwa mnyama.

Maji ya mifongo leo yamepungua, na mengi hayafai kunywewa kwa sababu yanapita katikati ya makazi yaliyojaa watu. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2022.

Kuvuna maji kutoka paani, kwa upande mwingine, ni jambo la juzi. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa majani haikuwa na maji ya kuvuna. Ni fedha ya kahawa, hasa baada ya ushirika wa KNCU kuanzishwa mwaka 1933, iliyowawezesha watu wengi mlimani kuezeka mabati, na kila bati lililopigiliwa likawa chanzo cha maji ambacho hakikupewa hesabu.

Pwani walitangulia. Misikiti ya kale ya Waswahili ilikuwa na mabirika ya kuhifadhia maji, na ndani ya Fort Jesus, Mombasa, birika la kukinga mvua bado linaonekana.

### Wanaosema haina faida

Hoja za wanaopinga si za kupuuzwa. Nyingi zinatoka kwa watu wa maji wenyewe.

Mji wa Moshi una bahati ambayo miji mingi ya Tanzania haina. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA, inategemea zaidi chemchemi za mlimani, zikiwamo Nsere na Shiri. Maji yanashuka kwa mteremko, gharama ya pampu ni ndogo, yanatiwa dawa na kupimwa. Kwa mkazi wa Shantytown au Soweto mwenye bomba linalotoa maji kila siku, kwa nini atumie mamilioni kukinga mvua? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tufanye hesabu ya mfano, kisha kila msomaji aweke bei za mtaani kwake. Tangi la plastiki la lita 5,000 linakaribia shilingi milioni moja au kuipita, kutegemea kiwanda na duka. Bado hujanunua gata, vishikio, mabomba, koki, saruji na kokoto za kitako, wala hujamlipa fundi. Tuseme kazi nzima imefika shilingi 1,500,000. Tangi hilo, likijaa na kutumika mara tano kwa mwaka, linakupa lita 25,000, yaani uniti 25 za maji.

Ikiwa unalipa bomba shilingi 1,500 kwa uniti, umeokoa shilingi 37,500 kwa mwaka. Fedha yako itarudi baada ya miaka 40. Hakuna tangi la plastiki linalonunuliwa kwa matumaini ya kukaa juani miaka 40.

Lakini mkazi wa kijiji ambaye kiangazi analetewa dumu kwa bodaboda kwa shilingi 300 analipa shilingi 15,000 kwa uniti moja, mara kumi ya mtu wa mjini. Huyo, kwa tangi lilelile, anaokoa shilingi 375,000 kwa mwaka. Fedha yake inarudi katika miaka minne.

> Tangi lilelile, bei ileile: mjini fedha inarudi baada ya miaka 40, kijijini baada ya minne.

Kwa hiyo anayeuliza bei ya tangi anaanzia mahali pasipo. Aulize kwanza: maji ninayoyatumia sasa yananigharimu nini? Na gharama si fedha peke yake. Saa mbili za mama kwenye foleni, kipindi cha kwanza cha hisabati kilichompita mtoto, na mgongo wa bibi anayebeba ndoo akipanda mteremko wa Kirua Vunjo navyo ni malipo, ingawa havitolewi risiti.

Wahandisi wana hoja ya pili, nzito zaidi. Fedha ikiwekwa kwenye mradi mmoja mkubwa inahudumia watu wengi kuliko ikisambazwa kwenye matangi ya mtu mmoja mmoja. Wilaya ya Hai imeonyesha hivyo kwa miradi ya mserereko iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1990, inayoshusha maji kutoka mlimani hadi vijiji vya chini. Tangu 2019 Wakala wa Majisafi na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, umepewa jukumu la vijiji, ukifanya kazi na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii.

Nakubaliana nao, kwa sharti moja: mradi uwe umefika. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe unaochota maji Nyumba ya Mungu ulianza kujengwa mwaka 2014 na ukazinduliwa Machi 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipoanza alikuwa ameshafika darasa la tano. Katika miaka ile yote mvua zilinyesha juu ya paa la nyumba yao, na watu walihitaji kunywa kila siku.

### Tambarare, ambako maji yenyewe yanaumiza

Sehemu ambako mjadala huu haupaswi kuwa wa faida na hasara za kifedha ni ukanda wa chini wa magharibi, unaopakana na miteremko ya Meru.

Miamba ya volkano ya eneo hili inatoa madini ya floraidi ndani ya maji ya ardhini. Kiasi kidogo hakina madhara. Kikizidi, meno ya watoto yanageuka rangi ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa inapinda. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika kusini-magharibi mwa wilaya ya Hai kuhusu watoto ambao miguu yao ilipinda kwa sababu hiyo. Si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kurithi. Ulitoka kwenye maji.

Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kutambua ugumu wa kupata maji mbadala, iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kukishusha kiwango hicho hadi 1.5.

Kuna jambo ambalo kila mama wa tambarare anastahili kulijua: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, madini yanabaki na kuzidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa huo unafanya kazi. Lakini unachoka, unahitaji kubadilishwa, na lazima awepo mtu wa kupima umechoka lini.

Maji ya mvua kwa kawaida hayana floraidi ya kutia wasiwasi. Yanashuka safi, na bure.

Ndiyo maana mwaka 2018 watafiti Janeth Marwa, Mesia Lufingo, Chicgoua Noubactep na Revocatus Machunda, wakiwamo wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha, walichapisha pendekezo la ujasiri: Kilimanjaro igeuzwe kuwa eneo la kuvunia mvua, maji yakusanywe kwenye miteremko yenye mvua nyingi na kushushwa kwa mserereko hadi maeneo ya Bonde la Ufa yanayosumbuliwa na floraidi. Ni ndoto kubwa, na gharama yake ni kubwa vilevile. Lakini msingi wake hauna ubishi: dawa ya maji mabaya ya chini inanyesha juu ya vichwa vyetu.

Kuna anayeuliza, huko chini mvua si ni haba? Ni haba, ila inatosha kwa kunywa. Bati la mita 30 za mraba, ukubwa wa vyumba viwili, likipata milimita 500 linatoa lita 12,000 kwa mwaka hata baada ya kutoa hasara. Familia yetu ya lita 30 kwa siku inahitaji lita 10,950. Kwa kuwa kiangazi cha huko ni kirefu, tangi liwe kubwa zaidi ya lita 5,000, au yawe mawili.

Hata anayeshindwa kufikia kiasi hicho anaweza kuchanganya. Maji ya kisima yenye miligramu 3 za floraidi, yakichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua, yanashuka hadi 1.5. Watoto wadogo, ambao meno yao bado yanaota, ndio wa kupewa ya mvua matupu kwanza.

> Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kwa mtoto wa tambarare, tangi la mvua ni kinga ya meno na mifupa.

### Jasho la baada ya fundi kuondoka

Tangi linalokufa mara nyingi haliuliwi na mtengenezaji wake. Linauliwa na gata.

Pita kwenye njia za vijiji vya migomba utazame juu. Gata lililofungwa likiwa limenyooka lilikaa vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili majani ya mgrivelia na mparachichi yameoza ndani yake, yakaota majani mabichi, uzito ukavunja kishikio kimoja, na sasa gata limelala upande. Maji yanaanguka katikati ya ukuta na kuharibu msingi wa nyumba, huku tangi lililo pembeni likisubiri tone.

Vishikio vya gata vinapaswa kukaribiana, na mteremko uwe mdogo lakini wa kweli kuelekea kwenye bomba la kushushia maji. Fundi mwenye haraka hupima kwa jicho. Mwambie atumie uzi na pima maji, na umwage ndoo moja juu ya gata kabla hujamlipa.

Maji ya mwanzo yasiingie tangini. Baada ya kiangazi, bati limebeba vumbi, kinyesi cha ndege na popo, majani na pengine mjusi mkavu. Nusu milimita ya kwanza ya mvua ndiyo inayoosha uchafu huo. Kwa paa la mita 80 za mraba ni lita 40. Mafundi wanaojua kazi husimamisha bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita mbili na nusu kabla ya tangi, limezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Linajaa maji machafu kwanza, kisha masafi yanapita juu yake kwenda tangini. Mvua ikikata, mtu anafungua kifuniko na kumwaga.

Hapo penye "mtu anafungua" ndipo mfumo mzima unaposimama au kuanguka. Mtu gani? Nyumba isiyo na jibu isinunue tangi mwaka huu.

Kitako nacho si cha mchezo. Lita 5,000 zina uzito wa tani tano. Matofali mawili matatu yaliyopangwa juu ya udongo mwekundu wa Moshi, ambao ukilowa unalainika, yatalipindua tangi. Zege lilazwe sawasawa, na liinuke kiasi cha ndoo kukaa chini ya koki.

Mfuniko ufungwe, na tundu la kuingizia maji na la kumwagia ziada yawekewe wavu mwembamba. Mbu anayeeneza dengue, ugonjwa uliowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, anapenda hasa maji safi yaliyotuama karibu na watu. Tangi lililo wazi linamzalia majeshi. Mwanga ukiingia, mwani wa kijani nao unaota.

Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa chini, tangi lioshwe. Utakachokikuta chini ni tope laini, jekundu, lenye unene wa kidole. Ndiyo sababu koki isifungwe chini kabisa.

Na bado, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Maji ya paani yanaweza kuwa na vijidudu hata yakionekana kama kioo. Paa la zamani la asbestosi, au lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi, lisitumike kwa maji ya kunywa hata kidogo.

Orodha inaonekana ndefu. Ukiigawa kwa mwaka, ni saa chache kila mwanzo wa msimu na dakika chache baada ya mvua kubwa. Waliochimba mifongo walitoa siku nzima, kwa jembe.

### Nani amejengewa, nani ameachwa

Ukizunguka Moshi utaona matangi makubwa meusi na ya bluu yamesimama kwenye nyumba zenye kuta za mawe na geti la umeme. Mengi hayakingi hata tone la mvua. Yamewekwa kuhifadhi maji ya bomba siku yakikatika. Wenye bomba ndio wenye matangi. Chekereni na vijiji vya chini vya Hai, kwenye kisima cha chumvi na floraidi, mtu ana pipa la lita 200 chini ya ukingo wa bati usio na gata.

Sheria haimzuii. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamruhusu mtu kuvuna mvua ya paa lake kwa matumizi ya nyumbani bila kibali, na Sera ya Maji ya 2002 iliutaja uvunaji wa mvua miongoni mwa njia za kuendelezwa. Kinachokosekana ni mtaji wa kuanzia. Shilingi milioni moja na nusu kwa mkupuo hazipo kwa mkulima wa mpunga wa Chekereni, ingawa kwa madumu anazilipa zote kidogokidogo ndani ya miaka minne.

Vikoba na SACCOS vinavyokopesha kwa ajili ya bodaboda na ada ya shule vinaweza kukopesha tangi. Marejesho yapo: ni ile hela ya dumu.

Taasisi nazo zimelala juu ya mali. Paa la kanisa au ukumbi wa shule lenye mita 400 za mraba, kijijini kunakonyesha milimita 1,200, linaweza kutoa zaidi ya lita 380,000 kwa mwaka. Kilimanjaro imejaa makanisa makubwa, misikiti, shule za bweni na hospitali zenye mapaa mapana. Wengi wanaosali na kusoma chini ya mapaa hayo wanatembea na madumu.

Masika ya 2024 yalitupa somo kwa upande wa pili. Mvua zilizohusishwa na El Niño zilileta mafuriko nchini, na hadi Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ametangaza vifo 155. Moshi nayo ililia. Matangi ya nyumbani hayazuii mafuriko ya ukubwa ule, wala mtu asiuze hoja hiyo. Lakini mji unaoacha kila paa limwage maji barabarani kwa wakati mmoja unajiongezea mzigo ambao mitaro yake haiubebi.

Basi kwa mwenye bomba la uhakika mjini: tangi la mvua ni hiari yako, na fedha yako inaweza kupata kazi bora zaidi. Kwa mkazi wa vijiji vya migomba ambako bomba ni la zamu: tangi moja, kwa kunywa na kupikia, linalipa. Kwa mkazi wa Rombo ya chini na tambarare zenye floraidi: anza hata kwa gata la upande mmoja na tangi la lita 1,000 lililotengwa kwa ajili ya watoto, kisha ongeza kila msimu.

Na kwa halmashauri za Hai, Moshi na Rombo: bajeti ijayo ikitengewa fungu la uvunaji wa mvua, lisianzie kwenye ofisi za mjini. Lianzie kwenye zahanati na shule za msingi ambako meno ya watoto yamegeuka kahawia. Vuli huanza Oktoba au Novemba. Gata lifungwe Septemba.